Niache uhasibu nikafundishe madrasa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Ni mhasibu wa duka la jumla la mchele Kariakoo, mshahara 900,000 kwa mwezi. Kazi haina haramu, ila moyo umeikinai. Nataka kuacha nikafundishe Qur'an madrasa ya mtaani kwetu Mbagala. Nina mke na watoto watatu, na kodi tunalipa miezi sita kwa mkupuo. Inafaa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah.

Kutoka kazi ya halali kwenda nyingine ya halali ni jambo la mubaha, yaani ruhusa: kulifanya au kuliacha si dhambi. Ungekuwa unaandika mikopo ya riba ningekuambia mengine, maana katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim, mwandishi wa riba amelaaniwa pamoja na mlaji wake. Wewe hauko huko. Na kalamu yako usiidharau: Nabii Yusuf mwenyewe aliomba awekwe juu ya hazina za nchi (Qur'an 12:55).

Kinachoweza kuigeuza hukumu ni nafaqa, yaani matumizi ya familia. Kulisha mke na watoto ni wajibu. Kuhamia madrasa, kwa hali yako, si wajibu. Mtume (s.a.w.) amesema yamtosha mtu dhambi kuwatelekeza anaowalisha (Abu Daud). Basi kaa na mkeo mwandike: kodi, chakula, ada, umeme, maji. Tuseme ni 700,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 4,200,000, na hiyo iwepo mkononi kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Deni la kikoba, kama unalo, lilipe kwanza, usilihesabu ndani yake. Wengi hukwama mwezi wa saba, kodi inapodaiwa upya, kwa sababu walipiga hesabu ya chakula tu.

Ujira wa kufundisha Qur'an unajuzu kwa madhehebu yetu ya Shafi, na Bukhari amepokea kwamba kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira ni Kitabu cha Allah. Lakini katika ijara, yaani mkataba wa kuajiriana, ujira lazima ujulikane. "Tutakuangalia, ustadhi" si ujira. Kubalianeni na kamati kwa maandishi: kiasi gani, nani anakusanya kwa wazazi, tarehe ngapi, na madrasa ikifungwa Ramadhani unalipwa au hulipwi. Ugomvi mwingi wa walimu na kamati huanzia hapo hapo kwenye likizo.

Usiache kazi kesho. Fundisha Jumamosi na Jumapili kwa miezi mitatu. Kuipenda Qur'an ni kitu kimoja, na kukaa na watoto arobaini wanaosukumana juu ya mkeka mmoja ni kingine.

Kabla ya kuamua, swali istikhara, sala ya kumwomba Allah akuchagulie lenye kheri: ni rakaa mbili za sunna, kisha dua yake baada ya salamu, ukiitaja haja yako. Epuka baada ya Alasiri na baada ya Alfajiri mpaka jua lipande. Usingoje ndoto, haimo katika hadithi. Omba, taka ushauri, kisha endelea na hatua. Mlango ukifungwa, ndilo jibu lako. Na kuiswali baada ya kuwa umeshapeleka barua ni kuigeuza kichwa chini.

Barua yenyewe: kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya ajira ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Hilo ni sharti, na Allah ameamrisha kutimiza mikataba (Qur'an 5:1). Siku hizo zitumie kukabidhi vitabu vya hesabu na madeni ya wateja, atakayeshika nafasi yako asaini kila ukurasa, na wewe ubaki na nakala.

Wallahu a'lam.