Lalamiko la Reli Lipelekwe Wapi? Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Tangu treni za umeme zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024, barua zinazoniuliza namna ya kuilalamikia reli zimekuwa nyingi kuliko zinazoisifia. Sioni ubaya wowote katika hilo, kwa kuwa mtu hulalamikia chombo anachotarajia kukipanda tena. Nimechagua maswali manane, mengine nimeyafupisha.

Treni ikichelewa au ikisimama porini kwa saa kadhaa, abiria aanzie wapi? Jirani yangu anasema niandike moja kwa moja kwa Waziri. (Abiria, Morogoro)

Wizarani si pa kuanzia. Barua yako itapokelewa, itapewa jalada, kisha itarudishwa chini kwa shirika lile lile ulilolikwepa, na wiki kadhaa zitakuwa zimepotea. Reli ya kati na reli ya kisasa zote ziko chini ya Shirika la Reli Tanzania, TRC, ambalo kwa Sheria ya Reli ya mwaka 2017 liliunganisha kampuni iliyokuwa ikiendesha treni, TRL, na kampuni iliyokuwa ikimiliki njia, RAHCO. Kwa mlalamikaji, muungano huo ulikuwa na faida ambayo haisemwi sana: ubovu uwe wa njia au wa injini, anayepaswa kujibu ni mmoja.

Andika kwa TRC kwanza, ueleze tarehe, treni, namba ya tiketi, mahali mliposimama, saa mlizokaa na hasara uliyopata, kisha useme unachotaka: kurudishiwa nauli, kulipwa, au kuombwa radhi kwa maandishi. Usipojibiwa, au ukijibiwa usiridhike, unakwenda LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Huko watataka kujua kama mtoa huduma alipewa nafasi ya kujirekebisha, na ndiyo maana nakala ya barua ya kwanza ina thamani. LATRA hujaribu kuwapatanisha kabla ya kutoa uamuzi, na asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Ukihitaji mtu wa kukushika mkono, lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji wa huduma.

Usichanganye maelezo ya sababu na majibu ya lalamiko. Katika wiki za mwanzo za safari za Dodoma, treni ilipokwama kwa hitilafu ya umeme, umma ulielezwa kuwa ngedere na bundi walihusika. Nchi nzima ilicheka. Inawezekana kabisa maelezo yalikuwa sahihi, kwani nyaya za juu hazichagui kiumbe, lakini abiria aliyekosa usaili wa kazi Dodoma hakuwa ameuliza habari za bundi. Alitaka kujua nani anabeba hasara yake, na swali hilo huulizwa kwa barua yenye jina na tiketi yake, halijibiwi kwa taarifa kwa umma.

Nauli ni kubwa kwetu tunaosafiri kila wiki. Tunaweza kukusanya sahihi ili ipunguzwe? (Mfanyabiashara, Dodoma)

Mnaweza, ila muda wenye nguvu zaidi ni kabla nauli haijatangazwa. Nauli za SGR, yaani reli ya kisasa, kama zile za shilingi 13,000 kwenda Morogoro na 31,000 kwenda Dodoma kwa daraja la kawaida, zilitanguliwa na mikutano ya kuchukua maoni ya wadau, ambako mwombaji wa nauli hueleza gharama zake na wasafiri husema uwezo wao. Mikutano hiyo hutangazwa magazetini, na watu wenye viti vya mbele huwa ni maofisa. Fuatilieni tangazo la mapitio yajayo, muende na mchanganuo wa matumizi yenu ya mwezi. Karatasi moja yenye hesabu za wachuuzi kumi itasomwa kwa makini kuliko sahihi mia tatu chini ya neno "tunaumia".

Mradi wa reli unapita kijijini kwetu. Tumeambiwa wathamini wanakuja. Tufanye nini ili tusije tukalalamika baadaye, na wakichelewesha fidia tudai vipi? (Mkulima, Tabora)

Laiti barua zote zingefika mapema kama yako.

Jambo la kwanza ni kujua kama shamba au nyumba yako imo ndani ya hifadhi ya reli, yaani ukanda wa pande mbili za njia ambao kisheria ni mali ya reli na ambao upana wake mijini ni tofauti na vijijini. Aliyejenga ndani ya ukanda wa reli ya zamani huwekewa alama ya X na kwa kawaida hupewa notisi ya kubomoa pasipo fidia, wakati aliyekuwa nje na kufuatwa na njia mpya ana haki ya kulipwa. Mabishano mengi hutokea hapo, na ubishi huo huamuliwa kwa ramani. Ombeni serikali ya kijiji idai kuoneshwa ramani ya mradi na alama za mipaka uwandani kabla mthamini hajafungua daftari lake.

Kwa aliye nje ya hifadhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa bila kuchelewa. Fidia hiyo haiishii kwenye matofali. Ndani yake imo thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, mazao na miti, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi kwa anayehamishwa nyumba, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Makaburi yana sheria yake tangu mwaka 1969, na familia huhusishwa katika kuyahamisha. Yaonesheni siku ile ile ya uthamini, hata lile dogo lisilo na saruji lililo chini ya mwembe.

Siku ya uthamini uwepo wewe mwenyewe. Utasimama mbele ya nyumba ukiwa umeshika kibao chenye namba, utapigwa picha, na mali zako zitaandikwa kwenye fomu ambayo utaisaini. Hesabu miti pamoja na mthamini, mmoja mmoja, na usisaini fomu yenye nafasi wazi. Angalia jina lako herufi kwa herufi. Niliwahi kufanya kazi masijala katika ofisi moja ya umma, na kati ya majalada ya fidia yaliyokwama mbele yangu, yaliyokwama kwa sababu ya ubishi wa bei yalikuwa machache mno ukilinganisha na yaliyokwama kwa Mwanahamisi aliyeandikwa Mwanaamisi, ambaye kitambulisho chake cha taifa kinasema hivi na akaunti yake ya benki inasema vile. Namkumbuka mama mmoja aliyekuja mara nne, kila mara na bahasha ile ile ya kaki iliyokwisha kulainika kama kitambaa, kwa sababu ya herufi moja tu ya H.

Kuhusu ucheleweshaji, Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali alipoidhinisha uthamini. Ikipita hapo, mlipaji anadaiwa riba, na ikifika miaka miwili bila malipo uthamini hupoteza uhai wake na kazi hurudiwa kwa bei za wakati huo. Kwa hiyo tarehe ya kuulizia ni ile ya kuidhinishwa kwa uthamini, siyo ile ya kupigwa picha, na wengi hawaijui. Iulizeni kwa maandishi kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mkinyimwa, itumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu.

Wenzetu wa Kenya hupeleka maombi bungeni kwa sahihi zao. Sisi hatuna haki hiyo? (Mwanafunzi wa sheria, Dar es Salaam)

Njia ni tofauti. Ibara ya 119 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, na sheria ya mwaka 2012 inaeleza hata umbo la ombi: liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lieleze kama mwombaji amekwisha kujaribu ofisi husika, na liseme kama jambo liko mahakamani. Kwetu, ombi la wananchi hupita mkononi mwa mbunge, kwa hiyo kijiji kisichosikilizwa na mbunge wake kinabaki nje ya mlango. Mimi naona mpango wa Kenya ni bora kwa mlalamikaji mdogo, na sijasikia hoja ya kunitosha ya kwa nini tusiuige.

Hata hivyo msimdharau mbunge. Swali lake kuhusu kivuko cha mifugo kilichozibwa na uzio wa reli hujibiwa na Serikali ndani ya ukumbi, na jibu huingia katika Taarifa Rasmi za Bunge. Waziri akisema kivuko kitajengwa katika mwaka fulani wa fedha, mmepata hati ya kuambatanisha na kila barua mtakayoandika baadaye. Kamati ya Miundombinu nayo hutembelea miradi, na mwenyekiti wa kijiji aliyejiandaa kwa dakika tano za kusema, akiwa na picha za karavati lililoelekeza maji kwenye mashamba, anaweza kufanya kazi ambayo barua tatu hazikuifanya.

Tume ya Haki za Binadamu ina meno? (Mstaafu, Kigoma)

Ina meno, ila si ya kutafuna peke yake. Nchi yetu ilianza mapema: Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilianzishwa mwaka 1966, wakati wa Mwalimu Nyerere, ili mwananchi apate pa kumshtaki ofisa anayemwonea. Mrithi wake, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iko kwenye Ibara ya 129 ya Katiba na ina sheria yake ya mwaka 2001. Kulalamika hapo ni bure, haihitaji wakili, na Tume inaweza kumwita ofisa na kudai nyaraka. Matokeo ya uchunguzi wake ni mapendekezo. Yakipuuzwa, Tume yenyewe inaweza kwenda mahakamani kudai yatekelezwe, ingawa ningependa kuona mamlaka hayo yakitumika mara nyingi zaidi. Jambo lililokwisha kufunguliwa mahakamani Tume hailigusi, hivyo pima unaanza na mlango upi.

Nataka kulishtaki shirika. Inawezekana kesho? (Dereva wa lori, Pugu)

Kesho haiwezekani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, mashirika ya umma yamo ndani ya utaratibu wa mashauri dhidi ya Serikali: unatoa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Zitumie siku hizo kutafuta suluhu, maana notisi huamsha ofisi zilizolala.

Mimi nina simu ya kitochi tu. (Mama lishe, Kilosa)

Piga *152*00# na ufuate maelekezo mpaka kwenye mfumo wa Serikali wa e-Mrejesho, uchague taasisi, uandike lalamiko lako kwa ufupi, kisha uandike mahali namba ya kufuatilia utakayopewa. Naupendelea mfumo huo kuliko sanduku la maoni la ukutani. Nimewahi kuona sanduku la namna hiyo ambalo ufunguo wake ulikuwa umepotea muda mrefu, na karatasi zilikuwa zimejaa mpaka nyingine zimechungulia kwenye tundu.

Marehemu baba alikuwa fundi wa reli ya Afrika Mashariki. Je, madai yake yalikwisha? (Mtoto wa mstaafu, Tanga)

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli ilikuwa mojawapo ya mashirika yaliyogawanywa, na makubaliano ya mwaka 1984 yakaiachia kila nchi jukumu la kuwalipa raia wake. Wastaafu wa Tanzania walifika hadi Mahakama Kuu, na mwaka 2005 pande mbili zikasaini suluhu ambayo malipo yalifanyika kwayo. Wapo wazee waliodai kwamba hesabu hazikukamilika, wakaendelea na mashauri, na wengine wao walikaa barabarani katikati ya Dar es Salaam mpaka polisi wakawaondoa. Ukiwa msimamizi wa mirathi, peleka barua ya usimamizi, cheti cha kifo na namba yake ya kazi Hazina, uulize jambo moja tu: jina lake lilikuwemo katika orodha ya waliolipwa, na kwa kiasi gani. Usimpe mtu "ada ya kufuatilia".

Wengi mmeongeza swali la lugha mwishoni mwa barua zenu. Andikeni Kiswahili, tangu mwaka 2021 ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Barua isizidi ukurasa mmoja. Chapisheni nakala mbili, mpeleke zote mbili masijala, na msiondoke dirishani mpaka nakala yenu igongwe muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe isomeke. Wino ukiwa hafifu, mwombeni karani kwa upole agonge tena.