Ni lini mradi wa programu ubadilishe kanuni za mpangilio wa msimbo

Kwa wenzetu mnaoanza kazi ya kuandika programu hapa Mombasa, hasa katika timu ndogo zinazowahudumia mawakala wa forodha na maghala ya Kilindini, swali la kanuni za mpangilio wa msimbo, yaani jinsi unavyoandikwa ukaonekana bila kubadili unachofanya, litawafikia mapema kuliko mnavyodhani. Mmoja atataka mistari ifupishwe, mwingine atataka alama za nukuu zifanane, na mjadala utakuwa wa ladha tupu. Kinachostahili kuamua ni kazi iliyomo mikononi mwa wenzenu wakati huo: ni matawi mangapi (nakala za msimbo zinazoendelezwa kando) hayajaunganishwa, toleo lijalo linatoka lini, na ni nani atakayeyapitia mabadiliko hayo.

Chukulieni faili la Python linalokokotoa gharama za kuhifadhi kontena baada ya siku za bure kwisha. Mwandishi anabadilisha alama ya "kubwa kuliko" iwe "kubwa kuliko au sawa na", badiliko la herufi moja linaloweza kumtoza mteja siku nzima zaidi, na katika komiti hiyohiyo (fungu moja la mabadiliko linalohifadhiwa pamoja) anaendesha Black, zana ya kupanga msimbo wa Python, ambayo hugeuza nukuu za mkwaju mmoja kuwa za mikwaju miwili na kuikata mistari inayozidi herufi 88. Mpitiaji anakutana na mamia ya mistari myekundu (iliyoondolewa) na ya kijani (iliyoongezwa), karibu yote haibadilishi lolote, na jicho likishachoshwa na nukuu halitaiona ile alama iliyoongezwa. Ndiyo maana mpangilio hupewa komiti ya peke yake isiyogusa mantiki hata kidogo. Anayeipitia naye hana haja ya kusoma mstari kwa mstari. Aendeshe zana ileile, ya toleo lilelile, kwenye kompyuta yake, kisha alinganishe matokeo.

Wakati unaofaa, kwa maoni yangu, ni mara tu baada ya toleo kutoka, matawi mengi yakiwa yameshaunganishwa. Ila kama bado mnarekebisha hitilafu katika matoleo ya zamani, ni afadhali mpange msimbo kabla tu ya kulitenga tawi la toleo, ili marekebisho yahamishike baina ya matawi bila migongano. Isiwe mwisho wa mwezi wateja wanapotoa ankara, wala Ijumaa mchana nusu ya timu ikiwa msikitini na hakuna wa kuulizwa.

Kusubiri si uzembe. Mradi wa Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, uliridhia kutumia Black mwaka 2019, lakini haukuupanga upya msimbo wake hadi Februari 2022, baada ya Black kutoka katika hatua ya majaribio Januari mwaka huo. Zana ambayo bado inabadilisha mawazo yake ingewalazimu kupanga upya kila mara. Hata zana iliyotulia hubadilika: Black huweka mabadiliko ya mtindo katika toleo la kwanza la kila mwaka, na Prettier 3, zana kama hiyo ya JavaScript, mwaka 2023 ilianza kuweka alama ya mkato baada ya kipengele cha mwisho mahali pengi zaidi bila kuombwa. Kwa hiyo ifungeni namba ya toleo la zana, na kuipandisha kuwe uamuzi wa timu nzima.

Wapo wanaopinga kwa hofu ya kupoteza historia ya nani aliandika mstari upi. Hofu hiyo ilikuwa na uzito zaidi kabla ya toleo la 2.23 la Git, programu inayotunza historia ya msimbo, la mwaka 2019, lililoruhusu komiti za mpangilio kuorodheshwa katika faili ili zirukwe na git blame, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari.

Mwenye tawi lililobaki wazi aunganishe kwanza shina (tawi kuu la mradi) hadi komiti iliyo kabla ya ile ya mpangilio, aendeshe zana kwenye tawi lake, kisha aiunganishe komiti ya mpangilio kwa mkakati wa Git uitwao ours, unaobakiza upande wake mzima, na mwisho achukue yaliyofuata kwa njia ya kawaida. Mkiona kwamba matawi ya namna hiyo ni mengi kiasi cha kuhitaji kikao, basi ahirisheni hadi toleo lijalo.