Kufuli tatu dukani, PIN kwenye kava la simu

Mi nina steshenari Igoma, Mwanza, ndogo tu, fotokopi moja, kompyuta mbili, printa mbili na moja inafanya kazi ikijisikia. Mlango una kufuli tatu na geti la nondo, mlinzi wa mtaa tunamchangia kila mwezi. Yani mtu akinianzishia habari za usalama nilikuwa namuona kama ananifundisha kuogelea wakati nimezaliwa Ukerewe. Afu nikaja kuibiwa hela yote ya kwenye laini mchana kweupe, na aliyempa mwizi ufunguo ni mimi.

Ilikuwa hivi. Nimetoka mjini kununua tona na rimu za karatasi, nikashuka Buzuruga mara moja kumuona jamaa ananidai, nikapanda hais nyingine ya Kisesa, mlangoni watu wamebanana, mikono yangu yote miwili imekumbatia rimu, simu iko mfuko wa nyuma. Kufika Igoma najipapasa, hamna. Sikupaniki sana mwanzoni, simu si ina patani, nikajisemea ataishia kuuza mashine bei ya kutupa. Kumbe mwenzangu hata hakuhangaika na patani, kachomoa laini kaichomeka kwenye kisimu cha batani, kaingia menyu ya hela, kaulizwa PIN. Na nyuma ya kava nilikuwa nimechomeka kitambulisho changu cha NIDA ili kisipotee. Ndio, ili kisipotee. We chukua cha kwako uangalie zile namba 20, tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. PIN yangu ilikuwa 1987. Sidhani hata kama alijaribu mara mbili.

Nimeazima simu ya muuza chipsi, napiga huduma kwa wateja, nimesikiliza muziki mpaka nikaujua, laini inafungwa salio limebaki mia nne na kitu. Imeondoka laki sita na arobaini, na humo ndani kulikuwa na hela ya kikoba ya mke wangu. Hiyo sehemu ya stori naomba niiruke.

Toka siku hiyo kitu cha kwanza namwambia kila mtu ni kuweka PIN kwenye laini yenyewe, sio kwenye simu tu. Ingia setingi, sehemu ya usalama, kuna kufunga SIM kadi, ukiiwasha basi mtu akihamishia laini yako simu nyingine inamuomba namba kabla haijashika mtandao. Ila usibahatishe! Namba ya kuanzia huwa imeandikwa kwenye ile kadi ya plastiki ulikobandua laini, ukikosea mara tatu laini inajifunga inataka PUK, yani namba ya kuifungulia, na PUK nayo iko kwenye kadi hiyohiyo ambayo wengi tuliitupa siku ileile, kwa hiyo kama huna waulize kwanza mtandao wako. Afu PIN ya hela isiwe mwaka wako wala wa mtoto. Na ile picha ya kitambulisho uliyomtumia mtu WhatsApp mwaka juzi bado ipo kwenye galari, ifute. Halafu piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, mi nilikuta moja siijui kabisa nikaenda kuikana.

Nyumbani nako. Sisi tunaoishi kwenye mawe huku tunajidanganya kwamba mwizi atachoka kupanda. Jirani yangu alilala dirisha wazi kwa ajili ya joto, simu inachaji mezani, asubuhi kaamka neti ya dirisha imechanwa kipande cha ukubwa wa sahani na chaja inaning'inia nje. Walitumia fimbo ndefu yenye ndoano. Hapa Mwanza wengine wanavua sangara, wengine wanavua simu. Sasa hivi mi nachajia chumba cha ndani mbali na dirisha, na laptopu ya ofisini haikai sebuleni.

Turudi dukani maana huko ndiko naona mengi. Mteja anakuja kuprinti barua iko kwenye WhatsApp, anaskani kwa simu yake ile kodi ya QR ya kuunganisha WhatsApp kwenye kompyuta yangu, tunaprinti, analipa, anaondoka. Hajatoka! Yani yeye kaondoka, WhatsApp yake imebaki. Kuna jioni nafunga mahesabu naona meseji zinaingia kwenye skrini, moja baada ya nyingine, za mwalimu mmoja aliyeprinti asubuhi, anaongea na mkopeshaji wake mambo ambayo hata mkewe sidhani anayajua. Nikaitoa haraka, nikakaa nikawaza, hii ingekuwa duka la mtu mwingine je? Kwa hiyo ukiwa umeprinti popote, kabla hujavuka mlango fungua WhatsApp kwenye simu yako, vifaa vilivyounganishwa, toa kila usichokijua. Na weka ile namba ya siri ya tarakimu sita ya WhatsApp, ni tofauti na kodi inayokuja kwa meseji, maana akina "samahani nimekosea nimetuma kodi kwako nirudishie" wanaitafuta hiyo ya meseji.

Flashi sasa. Mwanafunzi analeta flashi, anafungua, mafolda yote yamegeuka aikoni zenye kimshale pembeni, anaanza kulia tafiti yangu imefutika. Mara nyingi haijafutika, kirusi kimeficha mafaili ya kweli na kuweka hizo shotikati, na wewe ukiibonyeza ndio unakiwasha kihamie kwenye kompyuta. Usibonyeze, na usifomati! Amuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, skani, kopi kazi yako sehemu salama. Tafiti ya miaka mitatu kuishi kwenye flashi moja ya elfu kumi peke yake, aisee, mi siwezi kulala.

Apdeti nilikuwa naziogopa kwa sababu ya bando, sikatai. Ila kile kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai hela, Microsoft walishatoa dawa yake tangu Machi mwaka huohuo, walioumia wengi ni ambao hawakuwa wameapdeti. Na Windows 10 imefikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 2025, kwa hiyo tunaong'ang'ania Windows za zamani zenye kraki, yani za wizi zisizolipiwa, tujue tumelala mlango wazi. Sasa naapdeti usiku, bando la usiku ni nafuu.

Meseji feki nisiseme sana, ila kuna mama anauza dagaa Mwaloni Kirumba alikuja kuprinti risiti akanionyesha simu.
"Mwanangu, huyu kanitumia laki nne themanini kwa makosa, analia nimrudishie, ana mgonjwa."
"Mama, umeangalia salio?"
"Si meseji hii hapa?"
Meseji imetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, sio kwenye jina la mtandao. Tukapiga menyu, salio lake elfu kumi na mbili, hakuna kilichoingia. Yule mtu akapiga tena tukiwa tumesimama palepale, mama akampokea kwa Kisukuma, mimi nikajifanya sielewi. Hizo meseji zifowadi kwenda 15040, ni bure, na salio amini la kwenye menyu tu.

Ah na radi. Kanda ya ziwa hii mvua ikianza kunguruma chomoa, usitegemee kuzima swichi tu, na umeme ukikatika usiwashe mashine ule unaporudi, subiri utulie. Nimezika pawasaplai mbili hivyo, na kwenye ya pili hadi hadidiski ikaenda na picha za wateja.

Mimi NIDA sasa inakaa nyumbani kabatini, kwenye pochi natembea na kopi. Mke wangu, pamoja na yale yote ya kikoba, jana nimeona kachomeka kadi ya benki kwenye kava la simu yake. Namuuliza, ananijibu eti ili isipotee.