Ukikabidhiwa gereza, barua yako itangulie mnong'ono

Mdogo wangu uliyepangiwa ukuu wa gereza kwa mara ya kwanza, kabla hujabadili chochote msome Alexander Maconochie. Alikuwa ofisa wa wanamaji wa Uingereza, aliyewahi mwenyewe kuwa mateka wa vita mikononi mwa Wafaransa. Machi 1840 alikabidhiwa kisiwa cha Norfolk, mashariki mwa Australia, walikotupwa wafungwa walioonekana wameshindikana.

Mpango wake ulikuwa hesabu. Badala ya kumwambia mfungwa akae miaka kadhaa, alimwekea alama za kutafuta: azipate kwa kazi na mwenendo mwema, azipoteze kwa makosa, na zikitimia atoke. Nimeshika funguo miaka 26, na sijaona kinachomvunja mtu ndani ya selo kama kujua kwamba jitihada zake hazipunguzi hata siku moja. Msamaha wa theluthi, yaani kupunguziwa theluthi ya kifungo kwa mwenendo mwema, hutuliza gereza kuliko rungu. Kila anayeingia mweleze hesabu yake siku hiyohiyo, na akipunguziwa msamaha aambiwe sababu.

Alipoteleza yeye ndipo nilipoteleza mimi: kutenda kabla ya kuwaandaa wakubwa. Mei 1840, kwa sikukuu ya kuzaliwa Malkia Victoria, aliwafungulia wafungwa milango wapate kula na kucheza. Jioni walirudi bila fujo, lakini Sydney habari ilipokewa kama kashfa. Gipps, gavana wa koloni aliyekaa Sydney, alikwenda kujionea mwaka 1843 tu, akakuta utulivu, akaandika mema. Lakini kabla maneno yake hayajafika, London ilikuwa imeshaamua kumwondoa Maconochie.

Mimi, kwenye kituo kimoja, nilianzisha darasa la jioni, wafungwa wakifundishana kusoma. Sikuwaandikia wakubwa, nikiamini matokeo yatajisemea. Wala sikuwaeleza askari wa zamu kwa nini selo zichelewe kufungwa, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Mnong'ono kwamba nawadekeza wafungwa ulifika juu kabla yangu. Nikahamishwa, na darasa likafa wiki hiyohiyo. Kulikuwa na mzee aliyekuwa ameshajua kuandika nusu ya jina lake. Huwa namwaza mpaka leo.

Kwa hiyo anza na askari wako, uwasikilize hasa wale wa zamu ya usiku. Kisha andika juu, hata kama jambo ni dogo. Weka daftari ambalo atakayekupokea ataweza kulisoma bila wewe kuwepo. Maconochie aliandika sana, na Walter Crofton, aliyesimamia magereza ya Ireland, aliitumia fikra yake huko kuanzia 1854. Parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, ina mizizi yake humo.

Daftari lianze leo, kabla ya darasa.