Jibu: Utando wa C60 bado unayeyuka baada ya kumulikwa

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: umeumulika utando wa C60 (molekuli za umbo la mpira, kila moja ya atomi 60 za kaboni) kwa taa ya urujuanimno usiku kucha ili molekuli zishikane, ukautia kwenye tolueni, kimiminika cha kuyeyushia, ukayeyuka wote na kuacha rangi ya zambarau. Basi molekuli hazijaungana, maana polima yake, yaani molekuli zilizoshikana, haiyeyuki humo.

Kabla ya kugusa taa, angalia oksijeni. Ikijipenyeza kati ya molekuli hunyonya nishati ya mwanga kabla hazijashikana, na hata kidogo tu hukwamisha kazi. Mimi huweka utando kwenye ombwe, naupasha moto taratibu kuifukuza hewa, nauacha upoe, kisha naumulika humo humo bila kuutoa. Kupoa ni muhimu sana: karibu nyuzi 200 za Selsiasi vifungo huachia, ikarudi C60 ya kawaida. Taa kali iliyo karibu mno nayo huweza kuubomoa hivyo.

Unene hujautaja. Mwanga hauzami mbali, utando mnene hugeuka juu tu.

Ukipata kipimo cha Raman (husoma mitetemo ya molekuli kwa mwanga wa leza), tazama mstari wa 1469 cm⁻¹. Ukishuka hadi karibu 1460, molekuli zimeungana. Tuwekee grafu tuione.