Angalia waya kwanza, programu baadaye

Mdogo wangu unayeanza kazi hii, ipo siku utaitwa kwenye pampu ya maji au chumba cha barafu, na kontrola yake inaandika kitu kimoja tu: hakuna jibu. Wengi hapo hukimbilia kompyuta na kuanza kubadilisha programu. Nakusihi usianzie huko. Programu inajua kwamba haikusikia, basi. Haijui kama mwenzake alinyamaza, alikatizwa, au alijibu kwa kasi nyingine. Hayo utayaona kwenye waya, kwa osiloskopu, kile kipimo kinachochora volti kwenye kioo.

Tuchukue laini ya RS-485, aina ya laini ya mawasiliano yenye nyaya mbili, A na B, inayotumiwa na sensa na mita nyingi za Modbus, yaani zinazoongea kwa lugha ya kuulizwa na kujibu. Weka probu (waya wa kupimia) moja kwenye A, nyingine kwenye B, kisha osiloskopu ikutolee tofauti ya volti kati ya A na B. Klipu ya ardhi ya probu usiibane kamwe kwenye A wala B: kwa osiloskopu ya kuchomeka ukutani, klipu hiyo imeungana na athi ya soketi. Halafu pima biti iliyo fupi kuliko zote. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde ni kama mikrosekunde 104. Ukikuta 52, kifaa kinazungumza kwa 19200, hata kama kibandiko kinasema vingine.

Linalowasumbua wageni zaidi ni zamu. Laini ni moja, kwa hiyo mikrokontrola (kompyuta ndogo iliyo ndani ya kifaa) huwa na pini ya kuwasha chipu inayosukuma ishara kwenye laini inapotuma, na kuizima inapomaliza. Hamisha probu: moja kwenye pini hiyo, nyingine kwenye pini ya kutuma data. Ya kwanza inatakiwa kubaki juu hadi biti ya kufunga, ile ya mwisho ya kila baiti, imalizike. Mara nyingi utaiona inashuka mapema, baiti ya mwisho ikiwa ndiyo kwanza inaanza kutoka. Chanzo chake ni kwamba programu imesubiri rejista ya kutuma (mahali baiti inaposubiri zamu yake) iwe tupu, ilhali baiti hiyo bado inasukumwa nje biti kwa biti. Mikrokontrola nyingi zina alama mbili: rejista ni tupu, na utumaji umekamilika. Subiri hiyo ya pili. Pini ikichelewa kushuka nako ni balaa: kifaa kilichoulizwa kinaanza kujibu huku chako bado kimeshikilia laini, na kwenye kioo utaona volti zimekwama katikati, si juu si chini.

Hapa Mombasa ongeza chumvi. Kwenye majengo ya ufuoni kama Nyali, fungua kisanduku cha kuungia nyaya na mara nyingi utakuta terminali zimeota kutu ya kijani. Multimita inaweza kulia kama kawaida, lakini osiloskopu itakuonyesha ishara imenywea. Kipokezi cha RS-485 kinataka angalau milivolti 200 kati ya A na B. Kifaa cha mwisho kikipata 250, usiseme kazi imekwisha. Safisha terminali au ukate waya ufunge upya.

Ukiona kingo za ishara zinatetemeka kabla ya kutulia, shuku rezista za ohmu 120 zinazokaa kwenye ncha mbili za laini. Zima umeme, pima kati ya A na B. Karibu 60, zipo zote. Karibu 120, moja haipo. Ukisoma 40, kuna mtu ameongeza ya tatu, na itabidi ufuate laini kisanduku kwa kisanduku hadi uipate.