Usitaje jina la ua kabla hujaligeuza

Mdogo wangu anaishi Tucson, mji wa jangwani Arizona kule Marekani, na akitoka kutembea lazima anitumie picha WhatsApp maana anajua mi nikiona jani nasimama. Mwezi wa tatu katuma ua la njano, "dada hili ua gani?" Mi nipo zangu Ngamiani hapa Tanga nachambua mboga ya mchunga, nikalitupia jicho mara moja nikamjibu fasta, hiyo alizeti ya jangwani. Akaenda kutamba nalo kwa wenzie kazini wakamcheka, simu niliyopigiwa usiku ule acha tu.

Picha ilipigwa kwa juu, hapo ndo nilipopotea. Haya maua ya ukoo wa alizeti ukiyatazama usoni yote ndugu, kwa sababu hilo unaloliita ua moja ni kichwa kilichobeba viua vingi vimebanana, vya katikati ni vijimrija na vya pembeni kila kimoja kina ulimi wake, ndo huo tunauita petali. Uso haukwambii kitu.

Nikamwambia rudi kesho, nipigie mgongo wa ua, ubavu, majani ya chini, na mmea mzima karibu na kiatu chako nijue kimo. Zilivyokuja nikaona aibu mwenyewe. Majani yamejazana chini kabisa, ya kijivu, yana manyoya kama yamepakwa sufi (hayo yanarudisha jua na kuzuia maji yasipotee), bua limepanda juu karibu tupu likabeba ua moja kileleni, petali nyingi zimepandana tabaka na kila ncha ina vijimeno vitatu, afu zile za zamani zimepauka zikakauka kama karatasi na bado zimeshikilia. Hiyo ni Baileya multiradiata, mwenyeji kabisa wa jangwa lile, na ni sumu kwa mbuzi na kondoo. Alizeti ya jangwani, Geraea canescens, inatoa matawi, petali zake chache, na ukiigeuza vile vijani vya mgongoni vina nywele ndefu nyeupe pembeni kama kope.

Ila anayechanganya watu zaidi ni Encelia farinosa, naye wa kijivu na ua la njano, lakini huyu kichaka kabisa, maua yamekaa juu kwenye vikonyo vyenye matawi. Utomvu wake ukiganda wamisionari wa Kispania walikuwa wanafukiza kanisani, mpaka kwa Kispania jina lake ni ubani. Nilimwambia dogo aniletee kidogo nijaribu kwenye chetezo, mpaka leo anajifanya hajasikia.

Kingine, vunja kikonyo kimoja, sio ndani ya hifadhi lakini, huko hawataki uchume hata jani. Kikitoa maziwa kama mchunga, na ua lote ni petali tupu halina vile vijimrija vya katikati, achana na hao wote niliowataja, angalia upande wa Malacothrix glabrata, huyo na mchunga wetu ni watu wa nyumba moja.

Na hizi apu za kutambua mimea mi sizikatai, ila ukiipa picha moja ya juu itabahatisha kama nilivyobahatisha mimi, ipe na majani na mgongo, na useme uko wapi.

Juzi katuma tena, picha nane za ua moja, ya uso hakuna hata moja.